Umeme Ukikatika Katikati ya Kipindi: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mpango Mbadala wa Darasa

Mwezi Mei 2024 ulitupa somo gumu sisi walimu wa mikoa ya Kusini. Jumamosi ya tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, mvua ikanyesha mfululizo, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa mabasi na malori yakakwama njiani. Jumapili ya tarehe 12, hitilafu katika kebo mbili zilizopita chini ya bahari ikaiacha sehemu kubwa ya Afrika Mashariki bila intaneti ya kutegemewa. Jumatatu yake asubuhi nilisimama mbele ya darasa la wanafunzi zaidi ya 70 hapa Mtwara nikiwa na kompyuta mpakato, projekta na somo la mzunguko wa damu, ambalo nililijenga lote juu ya video iliyokuwa mtandaoni. Video haikufunguka. Nilijaribu mara tatu, nikamtuma kiranja akaniitie mwalimu wa TEHAMA, na dakika 40 zikaisha huku wanafunzi wakiwa hawajaandika hata mstari mmoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandaa masomo kwa namna nyingine, na mwongozo huu unaeleza namna hiyo hatua kwa hatua. Nawaandikia walimu wa shule za msingi na sekondari, wataaluma, na wakuu wa shule wanaoidhinisha matumizi ya fedha. Msingi wake ni mmoja: mpango mbadala huandaliwa kwa ajili ya somo, na kifaa hufuata baadaye. Shule inayoanza kwa kununua jenereta kabla ya kujiuliza mwanafunzi atafanya nini jenereta lisipowaka huwa imetumia fedha na bado haina mpango.

Hatua ya kwanza: andika kinachoharibika

Kabla ya kupanga chochote, tenga daftari moja la kawaida, uliite daftari la hitilafu, na uliweke mahali ambapo kila mwalimu anapita, kwa mfano mezani kwa mtaaluma. Kwa wiki nne kila mwalimu aandike tarehe, saa, kipindi, kilichogoma, na muda uliopotea. Msiandike sababu msizozijua. Andikeni mlichokiona tu.

Wiki nne zikipita, someni daftari pamoja. Walimu wengi hudhani adui mkuu ni umeme, na wakati mwingine ni kweli, hasa mvua za kwanza za Novemba na Desemba zinapokuja na radi. Hata hivyo, katika daftari letu sehemu kubwa ya vipindi vilivyoharibika ilitokana na mambo madogo: waya wa projekta uliochukuliwa na mwalimu mwingine, remoti isiyo na betri, faili lililohifadhiwa kwenye flashi yenye virusi, na ufunguo wa chumba cha kompyuta ulioondoka na mwalimu aliyesafiri kwenda Masasi. Tatizo la ufunguo liliisha kwa kuchonga funguo mbili za ziada, moja ikakaa kwa makamu mkuu wa shule na nyingine kwa mwalimu wa zamu.

Hali ya pwani nayo ina mambo yake. Hewa yenye chumvi hula vichwa vya nyaya na chuma cha ndani ya vifaa, na unyevu humaliza kifaa kilichofungiwa kabatini miezi mitatu bila kuwashwa. Wadudu pia huingia. Nimewahi kufungua soketi iliyokuwa ikikatakata umeme nikakuta sisimizi wamejaza kiota nyuma ya mfuniko, na projekta iliyokuwa ikijizima kwa joto ilikuwa imezibwa na vumbi pamoja na mayai ya mjusi kwenye tundu la hewa. Kwa hiyo vifaa vyote viwashwe angalau mara moja kwa wiki hata kama havina kazi, vifunikwe kitambaa vikishapoa, vikae juu ya rafu badala ya sakafuni, na matundu ya hewa yasafishwe kwa brashi kavu kila mwezi.

Hatua ya pili: tenganisha lengo la somo na kifaa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapowaomba wasomaji wasipite haraka.

Chukua andalio la somo ulilokwisha kuandika. Soma lengo mahususi. Halafu jiulize: ili mwanafunzi afikie lengo hili, anahitaji kuona nini, kusikia nini, na kufanya nini kwa mikono yake? Usitaje kifaa chochote katika jibu. Video ya mzunguko wa damu, kwa mfano, ilikuwa ikimwonyesha mwanafunzi mambo mawili tu: kwamba damu hupita moyoni mara mbili katika mzunguko mmoja, na kwamba upande wa kulia wa moyo hupeleka damu kwenye mapafu wakati upande wa kushoto huipeleka mwilini. Mambo hayo mawili yanaweza kuonyeshwa bila umeme.

Mimi hutumia uwanja. Wanafunzi huchora moyo chini kwa majivu, mita tatu kwa tatu, wenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande mmoja wa uwanja wanasimama wanafunzi watano wanaowakilisha mapafu, wakiwa na vizibo vyekundu vya soda, na upande wa pili wanafunzi watano wanaowakilisha mwili, wakiwa na vizibo vya rangi ya bluu. Wengine kumi ni damu. Wanatoka mwilini wakiwa na vizibo vya bluu, wanaingia chumba cha juu cha kulia, wanashuka chumba cha chini cha kulia, wanakwenda kwenye mapafu wanakobadilishiwa vizibo kuwa vyekundu, wanarudi chumba cha juu cha kushoto, wanashuka cha chini cha kushoto, ndipo wanapotoka kwenda mwilini. Wengine waliobaki wanaandika njia hiyo daftarini na kumsahihisha anayekosea. Mwanafunzi akitembea mizunguko miwili, hasahau kwamba katika kila mzunguko amepita moyoni mara mbili. Nawaeleza kwa uhakika kwamba mtihani wa wiki uliofuata ulinionyesha uelewa bora kuliko mwaka uliotangulia nilipotumia video, ingawa simaanishi kwamba video haina faida. Valvu zikifunguka na kufunga huonekana vizuri zaidi kwenye video.

Baada ya kupata jibu, ongeza mstari mmoja katika andalio la somo, chini ya sehemu ya zana, wenye maneno haya: “Njia ya pili.” Andika kwa sentensi mbili au tatu utakachofanya, na vitu gani viwe tayari. Iwapo huwezi kuandika sentensi hizo, ni dalili kwamba kifaa ndicho kinachofundisha na wewe umebaki mtazamaji, na andalio hilo linahitaji kufikiriwa upya hata kama umeme upo.

Si lazima kila somo liwe na njia ya pili mpya. Kwa kawaida njia tano au sita hutosha muhula mzima: chati, mfano wa kuchongwa au kufinyangwa, igizo la uwanjani kama hilo la moyo, kazi ya vikundi juu ya kitabu, maswali ya mitihani iliyopita yaliyodurufiwa, na ziara fupi ya kuangalia kitu halisi. Mwalimu wa Jiografia aliye Lindi au Mikindani anayefundisha kupwa na kujaa kwa maji ana bahari hatua chache kutoka darasani, na picha ya projekta haiwezi kushindana nayo.

Hatua ya tatu: tengeneza chati zinazodumu

Karatasi za manila ni nzuri lakini huvimba kwa unyevu wa pwani na kuliwa na mende. Chati inayokaa miaka hutengenezwa kwa mfuko wa salfeti, yaani kiroba kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki. Chukua kiroba cha kilo 50, kikate kwenye mshono ili kifunguke kuwa kipande kimoja kipana, kifue kwa sabuni, na ukianike kivulini. Angalizo kwa wenyeji wa maeneo ya korosho: msitumie mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, kwa kuwa unga wake hubaki ndani ya nyuzi na huwasha macho ya wanafunzi hata baada ya kufuliwa.

Kiroba kikikauka, pindua kingo na kuzishona kwa mkono, la sivyo nyuzi zitachomoka moja baada ya nyingine hadi chati iishe. Chora kwanza kwa penseli upande ambao hauna maandishi, ukisimama mara kwa mara mwisho wa darasa kuona kama herufi zinasomeka. Herufi zisipungue urefu wa sentimita nne kwa darasa la kawaida. Pitisha juu yake maka peni isiyofutika au rangi ya mafuta kwa brashi ndogo. Shona ufito juu na mwingine chini ili chati ining'inie bila kujikunja. Hifadhi kwa kuiviringisha, usiikunje, na isikae juani, maana jua huozesha plastiki ya viroba ikawa inapukutika kama unga.

Idara moja ikitengeneza chati mbili kila mwezi, baada ya mwaka mmoja wa masomo itakuwa na karibu 20, na hizo zinatosha kufunika mada nyingi zinazohitaji picha.

Hatua ya nne: sanduku la dharura

Tafuta sanduku la bati au ndoo kubwa yenye mfuniko. Ndani yake weka chaki nyeupe na za rangi, dasta, maka peni, karatasi za manila, kamba, mkasi, gundi, taa moja ya sola ya mkononi, betri za remoti, waya wa ziada wa kuunganisha kompyuta na projekta, ekstensheni, fyuzi za ziada za plagi, na bahasha ya nakala za maswali kwa kila darasa. Fyuzi zinahitaji uangalifu: plagi zetu za pini tatu hubeba fyuzi za ampea 3, 5 au 13, na mtu akiweka ya 13 mahali pa 3 kwa sababu ndiyo aliyoiona kwanza, fyuzi hiyo haitakilinda tena kifaa.

Juu ya mfuniko bandika orodha ya vilivyomo. Atakayetoa kitu aandike jina lake.

Hatua ya tano: mafaili na intaneti

Kila faili la kufundishia liwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje au flashi, na ya tatu nje ya jengo, ama kwa mwalimu mwingine ama kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto au wizi ukitokea ofisini, nakala mbili zilizo kwenye droo moja huondoka pamoja. Maandishi yahifadhiwe pia katika muundo wa PDF, kwa sababu hufunguka vilevile kwenye kompyuta yoyote na kwenye simu. Flashi inayozunguka kwa walimu na kwenye vibanda vya kudurufu ichunguzwe virusi kila inaporudi, na isiwe ndiyo yenye nakala pekee.

Kuhusu intaneti, kanuni yangu siku hizi ni kwamba kitu ambacho hakijapakuliwa hakimo katika somo. Nakala za vitabu vinavyopatikana katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ziangaliwe mapema wakati mtandao upo, na kurasa zinazohitajika zinukuliwe au zichapwe. Walimu wengi tuna vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa shuleni. Kishikwambi chenye chaji na mafaili ndani yake humwezesha mwalimu kusoma maelezo yake hata kompyuta ikizimika. Shule yenye maabara ya kompyuta inaweza kwenda mbali zaidi kwa kusimika Kolibri au Kiwix katika kompyuta moja. Programu hizo mbili hazilipiwi, na zikishapakiwa maudhui, wanafunzi huyasoma kwa mtandao wa ndani wa shule bila bando hata la shilingi moja. Majaribio ya sayansi ya PhET nayo yanaweza kupakuliwa na kuendeshwa bila intaneti.

Hatua ya sita: piga hesabu ya umeme kabla ya kununua

Mkuu wa shule akiletewa pendekezo la betri na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vifaa vya kawaida, aombe hesabu. Projekta ya kawaida hutumia karibu wati 250 na kompyuta mpakato karibu wati 50, jumla wati 300. Kipindi cha mkupuo wa dakika 80 kitahitaji wati-saa 400, yaani wati 300 kwa saa moja na dakika 20. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya makaratasi, lakini betri za asidi hufa mapema zikishushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 600, na inveta ikila kama asilimia 15 zinabaki 510. Hivyo betri hiyo itatosha kipindi kimoja cha mkupuo na ziada kidogo. Haitoshi viwili. Badala ya kuongeza betri ya pili, shule ifikirie kutumia runinga bapa ya inchi 43, ambayo mara nyingi haifiki wati 100, ikiwa darasa si kubwa sana.

UPS ndogo, yaani vifaa vyenye betri vinavyoshikilia kompyuta za mezani umeme ukikatika, zina dakika chache tu, na kazi yake ni kukupa nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayezitegemea kwa kufundishia atakwama. Jenereta nalo liwekwe nje, mbali na madirisha ya madarasa, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu ambayo huua, na mafuta yaongezwe likiwa limezimwa na kupoa.

Vipuri vyetu vingi huagizwa Kariakoo na kuja kwa basi. Barabara ilipokatika Mei 2024 tuliona maana yake. Taa ya projekta, chaja na betri za UPS ziagizwe kabla ya Novemba, mvua zisije zikawakuta mnasubiri mzigo.

Hatua ya saba: dakika tano za kwanza

Mpango ulio kabatini hausaidii kama hakuna anayejua nani aanze. Sisi tumekubaliana hivi. Kifaa kikigoma, mwalimu anawapa wanafunzi swali moja la kuandika daftarini, lililokwisha kuandaliwa, lenye kuhusu lengo la somo. Wakati wanaandika, anajaribu kurekebisha kwa dakika tano na zisizidi hapo: anaangalia soketi, waya, chanzo cha picha, na kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ili kurudisha picha kwenye projekta. Dakika ya tano ikifika, anaacha na kuanza njia ya pili, hata kama anahisi amekaribia kufaulu. Kanuni ya dakika tano imenigharimu nidhamu kubwa kuliko zote, kwa kuwa kila fundi anaamini kwamba jaribio moja zaidi litatosha.

Umeme ukiwa umekatika, kiranja wa vifaa anachomoa plagi zote ukutani, kwa sababu umeme unaporudi mara nyingi huja na msukumo unaoweza kuunguza vifaa. Ukisharudi, subirini dakika chache utulie ndipo mchomeke. Projekta ya taa iliyozimika ghafla iachwe ipoe kwa muda kabla ya kuwashwa tena.

Kuna wanafunzi ambao kifaa kwao ndicho mlango wa kuingilia somoni: asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, na asiyesikia anayefuata maandishi chini ya video. Kifaa kikizimika, hao ndio wa kwanza kuachwa nje, na chati haimsaidii asiyeona. Andalio litaje majina ya wenzao watakaoketi nao, nani atawasomea au kuwaandikia, na mfano gani wa kushika kwa mikono utatumika, kama vile moyo uliofinyangwa kwa udongo.

Somo la kompyuta lenyewe

Mwalimu wa TEHAMA huuliza, na ana haki, atafundisha nini kompyuta zote zikizimika. Yapo mengi. Hatua za kutatua tatizo huchorwa ubaoni kwa mishale na visanduku, kisha mwanafunzi mmoja akaigiza kompyuta na kufuata amri za wenzake neno kwa neno, na amri iliyokosewa huonekana mara moja. Jedwali la hesabu huchorwa sakafuni, safu zikiwa A, B na C, na mwanafunzi akasimama kwenye kisanduku B3. Kompyuta iliyokufa isiuzwe chuma chakavu upesi. Ikichomolewa umeme kabisa, mfuniko wake wa nyuma ukafunguliwa, wanafunzi wataona diski, kumbukumbu na feni kwa macho. Kisanduku cha umeme chenyewe kisifunguliwe, kwa kuwa ndani yake hubaki chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Mitihani na alama

Mtihani wa ndani uchapwe na kudurufiwa siku mbili kabla, ufungwe kwa lakiri na kukaa kabatini. Alama ziandikwe kwanza kwa kalamu kwenye orodha ya karatasi, ndipo ziingizwe kwenye kompyuta.

Hatua ya mwisho: fanyeni mazoezi

Mara moja kila muhula, mkuu wa shule atangaze asubuhi, bila taarifa ya awali, kwamba vipindi vitatu vya kwanza ni vya bila umeme. Walimu wote waingie na njia ya pili. Saa nne, wakati wa mapumziko, wakutane dakika kumi na kuandika katika daftari la hitilafu ni njia zipi zilikwama na kwa nini. Zoezi letu la kwanza lilionyesha kwamba chati tatu zilikuwa zimefungiwa katika stoo ambayo ufunguo wake haukujulikana ulipo, na kwamba nusu ya maswali ya kudurufu yalikuwa ya mada zilizokwisha kupita.

Kila Ijumaa kabla ya kengele ya mwisho, mwalimu wa zamu afungue sanduku la dharura, alilinganishe na orodha iliyo juu ya mfuniko, aongeze kilichopungua, awashe taa ya sola kuona kama ina chaji, na kutia saini daftarini.